Msonge Hausimami Peke Yake

Nyumba ya msonge ikipitisha msimu mzima wa mvua bila kuwashwa moto ndani, huanza kuoza kutoka juu. Nyasi hushika ukungu, dumuzi huingia kwenye fito, kamba hulegea na kilele hubonyea. Nyumba hiyo hiyo ikikaliwa na bibi mmoja tu, anayechemsha chai asubuhi na kusonga ugali jioni kwa kuni, paa lake huishi miaka na miaka. Moshi hupanda, hujaa darini, hukausha nyasi kutoka ndani na kuzipaka masizi ambayo wadudu hawayataki, kisha hupenya taratibu na kutoka. Hakuna dohani wala tundu. Mgeni akiingia mara ya kwanza hutokwa na machozi, akauliza mbona fundi alisahau kutoboa paa. Fundi hakusahau kitu.

Ninachokistahi katika ujenzi huu ndicho hasa ambacho wengi hukihesabu kuwa udhaifu wake: nyumba yenyewe haijitegemei. Haiwezekani kuimaliza, kuifunga kufuli na kwenda zako mjini. Inadai moto, inadai samadi, inadai viganja vya wanawake kila mara na mabega ya majirani kila baada ya miaka kadhaa. Ng'ombe wakiondoka, ukuta unapata shida. Majirani wakihama, paa linapata shida. Kwa hiyo anayetaka kuusifu msonge inavyostahili hana budi kusifu na vilivyouzunguka, maana fundi aliyeuchora alikuwa anachora mtaa mzima.

Naandika haya kuhusu Kaptagat, kusini mashariki mwa Eldoret, karibu na ukingo ambako nyanda za juu hukatika ghafla na ardhi kuporomoka kuelekea Bonde la Kerio. Hapa ni kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai si wa kuchezea. Dunia inapajua kwa ajili ya miguu ya wanariadha. Eliud Kipchoge alitoka kwenye kambi ya hapa, chini ya kocha Patrick Sang, akaenda Berlin mwaka 2022 na kukimbia marathoni kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Waandishi wa habari wanaofika kambini hawaachi kushangaa kwamba mabingwa wanalala kwenye vyumba vya kawaida na kusafisha wenyewe. Mimi hushangaa kwamba kamera zao hazigeuki upande wa pili wa barabara, kwenye maboma ya watu. Nyuma ya nyumba ya mawe, au ya mbao za saiprasi yenye mabati ya rangi, mara nyingi kuna jiko la msonge lenye kuta za udongo, limesimama pale tangu kabla ya hiyo nyumba kubwa. Wakeiyo, ambao ni tawi la Wakalenjin, wamejenga hivi kwa vizazi vingi, juu huku kwenye msitu na chini kwenye vipandio vya mteremko.

Kazi huanza kwa kutazama maji. Fundi mzee hapendi kuchagua uwanja siku ya jua. Anapenda kuja baada ya mvua kubwa, aone maji yamepita wapi na yametuama wapi. Mahali tambarare kabisa hapafai, mteremko mkali nao haufai. Anatafuta kamgongo kadogo ka ardhi kenye mwinamo wa kumwaga maji pande zote, pamoja na miti ya kukinga upepo, isiyo karibu kiasi cha kuangukia paa. Mlango ataupa jua la asubuhi kama mahali panaruhusu. Zamani lilikuwa pia jambo la ibada, kwa kuwa Wakalenjin walimwomba Mungu wao, Asis, wakielekea mawio, lakini hata asiyejua ibada hiyo anajua maana ya mwanga wa saa moja asubuhi kuingia hadi vitandani baada ya usiku wa baridi. Baada ya hapo ni kigingi, kamba na kijiti cha kuchorea. Duara limepatikana, na hakuna pembe ya kubishania.

Mti wa heshima katika nguzo ni mtarakwa, ambao Wakalenjin huuita tarakwet. Kaptarakwa, jirani ya Kaptagat, pamebeba jina hilo. Mtarakwa una sehemu mbili. Nje kuna mti mweupe unaooza upesi. Ndani kuna kiini chekundu, chenye mafuta na harufu kali, ambacho mchwa hukikwepa. Anayejenga kwa haraka hukata miti michanga yenye unene wa nguzo, mizuri kwa macho, iliyonyooka, na baada ya misimu michache anagundua kwamba amezika weupe mtupu. Fundi wa kweli huchukua gogo la mti uliokomaa, akalipasua kwa kabari kufuata nyuzi zake, akanyoa weupe kwa shoka. Kinachobaki ni kipande chenye kingo kingo, kisicho na sura nzuri, ambacho kitakaa ardhini miongo kadhaa bila kulalamika.

Ndiyo maana nguzo za mtarakwa hazitupwi. Msonge ukichakaa na kubomolewa, nguzo hung'olewa, hugongwa kwa kisogo cha shoka zisikilizwe, na zile zinazolia vizuri huingia kwenye nyumba inayofuata. Leo hilo lina uzito zaidi, kwani mti wa asili katika msitu wa serikali haukatwi, na ni haki. Msitu wa Kaptagat umepunguzwa vya kutosha, na sasa kuna juhudi kubwa za kuurudisha, wakfu wa Kipchoge ukiwa miongoni mwa wanaopanda. Kwa hiyo mtarakwa unaoingia kwenye nyumba mpya mara nyingi ni mzee kuliko fundi mwenyewe. Uliwahi kuwa ukuta wa babu, au kiguzo cha ua kwenye shamba la mzungu, na bado kiini chake chekundu hakijaanza kuchoka.

Nguzo zikishasimama na kufungwa fito, mtu angetarajia udongo ufuate. Linalofuata ni paa. Udongo mbichi ukipigwa na mvua kabla haujakauka, kazi ya siku nzima huteremka na kurudi shimoni ilikotoka. Kwa hiyo nyumba huvaa kofia kwanza, kisha kuta hupigwa chini ya kivuli, zikauke polepole bila kupasuka sana. Makombamoyo, ambayo hapa huwa mianzi au mikaratusi myembamba, huegemezwa kwenye nguzo za ukuta na kukutana kileleni. Pete za fito huzungushwa kutoka upenuni kwenda juu, kila pete ndogo kuliko ya chini yake. Mwinamo ndio hukumu ya paa. Nyasi zikilala chini ya nyuzi 45 hivi, maji huacha kuteleza yakaanza kunywea, na hapo hata uongeze unene namna gani utavujiwa.

Kuezeka kwenyewe ni kazi ya watu wawili wasioonana. Nyasi ndefu zimeshakatwa, zimechambuliwa majani malegevu, yamebaki mabua, na zimefungwa mafungu yanayotosha kiganja. Kazi huanzia chini. Mmoja yuko nje amekanyaga fito, anapanga mafungu na kuyabana. Mwingine yuko ndani, uso wake umejaa vumbi la nyasi. Wa nje anapenyeza kijiti chenye kamba, wa ndani anakipokea, anaizungusha kamba kwenye ufito, anakirudisha. Husikii mazungumzo yoyote ila amri fupi fupi: vuta, ngoja, kaza, haya. Kila safu inayopanda hufunika kamba ya safu iliyotangulia, hivyo paa likikamilika hakuna kamba hata moja inayoona mvua. Ukitaka kujua kama fundi ni fundi, usitazame paa kwa mbali. Nenda usimame chini ya upenu, uangalie ncha za nyasi zilivyokatwa. Zikiwa zimesawazishwa kwa mshazari mmoja kuzunguka nyumba nzima, maji yatadondoka kwenye mstari mmoja, mbali na ukuta, na mstari huo utajichimbia wenyewe kifereji cha kuyaondoa.

Upenu huo ni mpana kwa makusudi. Chini yake kuni hupangwa zikiwa zimeegemea ukuta, na hapo zinafanya kazi mbili: zinakauka, na zinaukinga ukuta dhidi ya mvua ya upepo inayokuja kwa kulala. Kadiri mvua zinavyoendelea ndivyo kuni zinavyopungua, na zinapokaribia kwisha kiangazi nacho kimeingia. Sijui kama kuna mtu aliyelipanga jambo hili au lilijipanga lenyewe kwa miaka mingi ya watu kuegemeza kuni mahali palipo karibu na mlango. Vyovyote iwavyo, sijaona mchoro wa msanifu wenye busara kama hiyo.

Halafu udongo. Huchimbwa hapo hapo karibu, na shimo lake baadaye hutupiwa taka au kupandwa mgomba. Wanaojua hupenda kuchanganya na udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameshauchekecha na kuugandisha. Humwagiwa maji, hutiwa nyasi zilizokatwakatwa, hukanyagwa na vijana wenye nguvu na kelele, kisha huachwa ulale. Kulala huko ni muhimu. Udongo uliolala usiku mmoja au zaidi unanata na kutii; uliokandwa asubuhi na kupigwa asubuhi hiyo hiyo unadondoka. Madonge husukumwa katikati ya fito za ndani na za nje mpaka yakutane, na mapigo ya mkandiko wa kwanza huachwa na alama za vidole, bila kulainishwa, kwa sababu mkandiko wa pili unahitaji mahali pa kushika. Ukuta hukauka na kupasuka. Usipopasuka hapo ndipo mtu awe na wasiwasi, maana utapasuka baadaye.

Mkandiko wa pili ni wa wanawake, na hapo ndipo ufundi unapofikia ncha yake. Udongo huchekechwa, huchanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe, na wakati mwingine majivu. Nyuzi za nyasi zilizomo katika samadi, ambazo ng'ombe amekwisha kuzisaga kuliko kinu chochote, ndizo zinazouzuia ukuta kupasuka tena. Mkono hutembea kwa nusu duara, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, kila upinde ukigusa uliopita. Ukimuuliza kogo, ndivyo bibi anavyoitwa huku, mbona hatumii mwiko wa fundi wa saruji, atakucheka na kukwambia, lakwee, yaani mtoto, mwiko hauna ngozi. Ana maana kwamba kiganja kinasikia. Kinajua ni wapi ukuta wa chini umekauka kupita kiasi na utaunyonya maji mkandiko mpya kabla haujashika, na hapo kogo huchovya vidole, anarushia maji kidogo, anangoja, ndipo aendelee. Nimetazama jambo hilo dogo, la kungoja, kwa muda mrefu. Hakuna anayelifundisha kwa maneno. Wasichana huketi karibu wakikoroga ndoo, na siku moja mmoja wao huachiwa upande wa nyuma ya mlango, ambako makosa hayaonekani.

Ndani, duara limegawanywa bila mbwembwe. Mafiga yapo karibu na katikati. Upande mmoja ni wa kulala. Upande mwingine, katika nyumba za zamani, ulikuwa wa mbuzi na ndama, ambao walilindwa dhidi ya chui na fisi na kulipa kwa joto la miili yao. Juu, dari la fito hubeba mahindi au mtama, mbegu na kuni za akiba, vyote vikifukizwa na moshi ule ule unaolinda paa. Vibuyu vya mursik, maziwa yaliyochachushwa, vilivyosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, hutundikwa mahali ambapo joto halizidi wala halikosekani. Kuta za duara hazina kona ya baridi. Moto mmoja mdogo hugawa joto lake sawasawa, jambo ambalo chumba cha mraba cha ukubwa huo huo hakiwezi bila kuni zaidi.

Lakini nyumba moja, hata ikikandikwa vizuri kiasi gani, ni nusu ya habari. Kwenye uwanda wa Uasin Gishu na katika nyanda za jirani kuna mashimo mapana ya duara, yaliyochimbwa kwenye miteremko, ambayo watu huyaita mashimo ya Sirikwa. Wazungu wa mwanzo waliyadhani kuwa mapango ya watu walioishi chini ya ardhi. Mwanaakiolojia John Sutton, ambaye kitabu chake juu ya nyanda za magharibi mwa Kenya kilitoka mwaka 1973, alieleza jambo lenye akili zaidi: shimo lilikuwa zizi la ng'ombe. Njia ya kutokea iliwekwa upande wa chini wa mteremko ili maji na matope yatoke, samadi ikarundikwa huko chini, na nyumba ya duara ikabandikwa ubavuni, mlango wake ukifungukia zizini. Mwizi wa ng'ombe alilazimika kupita mlangoni pa mwenye mali. Huko Hyrax Hill karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba miaka ya 1930, mashimo hayo yanaonekana hadi leo; huku kwenye uwanda mengi yalitiwa kuta za mawe. Kama Wasirikwa, watu wa kale waliochimba mashimo hayo, walikuwa mababu wa Wakalenjin au majirani tu, wabishi waendelee kubishana. Mimi naona fikra ile ile ya kamgongo ka ardhi na mwelekeo wa maji, ila wao walianza kwa ng'ombe ndipo wakafika kwenye nyumba.

Wakeiyo nao walipanga mtaa wao kwa wima. Kule juu ni mosop, baridi, malisho na msitu. Kule chini ni soi, joto, mtama, asali na malaria. Katikati ni ukingo wenye vipandio, chemchemi na hifadhi dhidi ya wavamizi. Ardhi ya ukoo ilikatwa kama utepe kutoka juu hadi chini, ili kila ukoo upate sehemu yake ya baridi, ya chemchemi na ya joto. J. A. Massam, aliyeandika juu yao mwaka 1927, aliwaita katika jina la kitabu chake wakaaji wa majabali, na kwa mtu aliyewatazama kutoka bondeni, nyumba zile zilizoshikilia ukingo lazima zilionekana hivyo. Kwa mwenyeji zilikuwa katikati ya vitu vyote anavyovihitaji, mwendo wa kupanda na mwendo wa kushuka.

Hakukuwa na kijiji cha nyumba zilizobanana. Kila boma lilikuwa na kamgongo kake, umbali ambao mayowe yanasikika na moshi unaonekana. Maboma hayo pamoja ndiyo kokwet, na kokwet pia ndicho kikao cha wazee chini ya mti, kinachoamua kesi za mipaka, mifugo iliyokula shamba, na zamu ya kazi. Zamu ya kazi ndiyo iliyoezeka mapaa. Nyasi za msonge mmoja hazikatwi na mtu mmoja akazimaliza; zinakatwa na kokwet, mwenye nyumba akitoa chakula na kinywaji, na deni linabaki vichwani mwa watu mpaka paa la jirani litakapochakaa. Kwa kuwa mapaa hayachakai mwaka mmoja, deni halikwishi kamwe. Utaratibu mzima wa ujirani umeshikiliwa na jambo la kwamba nyasi huoza.

Hata makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya maksai, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walianza kwa udongo na nyasi kabla ya kupata matofali. Walichobadilisha wakoloni kwa kina zaidi ni mistari ya ardhi. Mashamba yalipimwa kwa nambari. Eldoret yenyewe ilizaliwa kwenye shamba nambari 64, na wazee bado wanaiita Sisibo, yaani sixty-four. Kisha Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulihimiza kila mtu awe na kipande chake chenye hati. Hati ina faida zake na sina haja ya kuzipinga. Lakini tembea leo kutoka Kaptagat hadi Chepkorio uone nyumba zinavyokaa: zimeacha kamgongo ka ardhi, zimesogea kwenye mpaka wa mbele wa ploti. Nyumba za zamani zilitazama jua, za sasa zinatazama lami, na nguzo ya umeme imechukua kazi ya mti wa kukinga upepo bila kukinga upepo.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, nyumba kama nane katika kila kumi nchini Kenya zimeezekwa kwa mabati. Nami nisingependa kumwambia mtu yeyote arudi kwenye nyasi. Mabati hukinga maji ya kunywa ambayo paa la nyasi haliwezi kuyatoa yakiwa safi. Hayashiki moto. Hayadai kokwet nzima. Tena moshi ninaousifu ni huo huo unaoharibu macho na mapafu ya kina mama: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hapo ndipo penye fundo ambalo sioni namna rahisi ya kulifungua. Mletee kogo jiko lililoboreshwa, mapafu yake yatapona na paa lake litaugua. Wapo wanaopika kwenye jiko la kisasa mchana, jioni wakaenda kuwasha mafiga kwa ajili ya paa, wakakaa nje mpaka moshi upungue. Ni nidhamu nzuri, lakini inamtaka mtu mwenye kuni na muda.

Mabati nayo yana tabia zake kwenye mwinuko huu. Usiku hupoa upesi kuliko hewa ya ndani, na pumzi za waliolala hugeuka maji chini yake na kudondoka alfajiri kama mvua ya pili. Mvua ya kwanza ikinyesha, mazungumzo hukoma. Wenye uwezo huweka dari la mbao, na wasio na uwezo hutandika magunia.

Kuna wanaodhani dawa ni kuhifadhi, kama tulivyohifadhi Lamu, mji wa mawe ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Jiwe la matumbawe hungoja mtu alikumbuke. Msonge haungoji. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, imejenga maboma ya makabila mbalimbali ili watoto wa mjini wayaone, na ni heri kuliko kutoona kabisa, ila mtoto haoni pale mteremko, wala jirani aliyebaki na deni la nyasi. Mfano ulio karibu zaidi na msonge ni makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi, huko Kampala. Jumba lake kubwa la nyasi liliteketea mwezi Machi 2010, na dunia ikalia kama vile limepotea. Lakini kazi ya kuezeka Kasubi ni ya ukoo wa Ngeye, ambao una sheria zake, miiko yake na vijana wake wanaojifunza. Walichukua miaka mingi, yakawapo mabishano, jumba likasimama tena, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi zilikuwa mpya zote. Kilichokuwa cha kale ni mikono ya ukoo.

Kaptagat haina ukoo wa waezekaji wala mfalme wa kuzikwa chini ya kilele. Nyasi ndefu zimepungua kwa kuwa malisho yamegeuzwa mashamba ya viazi na mahindi, na majani ya napia hayaezeki kitu. Vijana wanaojua kukaa ndani ya paa na kurudisha kijiti ni wachache. Kinachonishangaza ni kwamba hoteli na kambi za watalii zinawatafuta. Mgeni hulipa pesa nyingi alale kwenye msonge wenye bafu na taa za umeme, wakati mwenyeji wa barabara hiyo hiyo analificha jiko lake la msonge nyuma ya nyumba kubwa, kana kwamba ni ndugu asiyefaa kuonyeshwa wageni.

Wakati huo huo, mafundi wa kawaida wamekuwa wakitafuta njia yao wenyewe. Ukipita maboma mengi utaona jiko ambalo si msonge kamili wala si banda la mraba: lina pembe sita au nane. Duara halisi linapoteza mabati, kwa kuwa kila bati hukatwa pembetatu na nusu yake huishia kufunika banda la kuku. Pembe nane zinapunguza hasara hiyo, na joto bado linazunguka. Chini, ukuta huanza kwa mawe hadi usawa wa goti ili udongo usinyonye maji ya ardhini. Juu ya hapo ni fito na udongo kama kawaida, na mkandiko wa mwisho ni wa samadi, ingawa wengine huongeza saruji kidogo na kujuta ikianza kubanduka vipande vipande, kwani saruji na udongo havitanuki pamoja. Nguzo ni mikaratusi iliyopakwa oili chafu mahali inapozikwa, na mwenye bahati huweka mtarakwa wa zamani penye mlango, mahali panapogongwa zaidi. Kileleni wanaacha mwanya wenye kikofia cha bati, moshi utoke. Ugomvi wao mkubwa na wenye nyumba ni upenu. Mwenye nyumba anataka kuokoa bati moja, fundi anataka upenu wa kufika urefu wa mkono, na ukiona ukuta umeliwa kwa chini kuzunguka nyumba nzima utajua ni nani alishinda.